Ubao wa Karani

Baba yangu, Ambakisye, alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, juu kidogo ya Kinyala. Wakulima walileta vikapu vyao, yeye anatundika, anaita uzito kwa sauti, anaandika. Sauti hiyo ilivuka mto. Sisi watoto tuliokuwa tukichota maji bondeni tulijua nani kaleta kilo ngapi. Mwezi wa tatu mwaka 1973, katikati ya kuita kikapu cha mama mmoja, ulimi ukamlegea. Watu wakacheka, wakidhani anamwigiza mlevi. Kisha akaangukia majani.

Alikaa hospitali ya misheni miezi miwili. Walipomrudisha nyumbani kwenye machela, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda kombo. Sauti iliyobaki ilikuwa moja tu, "aaa," na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya njaa, ya kiu na ya hasira. Lakini akili yake ilikuwa nzima. Ukimtazama machoni unajua anakukagua kama alivyokuwa akikagua chai: hili changa, hili limekomaa mno, hili tupa.

Muuguzi aliyemruhusu alimwambia mama, "Mkono wa kushoto unafanya kazi, na kusoma anajua. Mtafutieni ubao wa herufi, awe anaonyesha kwa kidole."

Mama yangu, Tulinagwe, hakujua herufi hata moja. Alikwenda kwa miguu mpaka Bulyaga, pale Tukuyu mjini, kwa fundi seremala aitwaye Husseni, akamweleza shida yake kwa Kiswahili chake cha nyumbani, kile chenye L kila mahali penye R. Husseni alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Alichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la mtu, akakipiga randa mpaka kikang'aa, akachoma herufi kwa msumari uliopashwa moto, safu nne. Q na X akaziacha. "Hizo hazina kazi kwetu," alisema. Kona ya kushoto akachoma NDIYO, kona ya kulia HAPANA.

"Na nani atakuwa anamsomea?" akauliza.

"Mwanangu Lusungu," mama akajibu. "Yuko dalasa la sita."

Lusungu ni mimi.

Siku ya kwanza nililia kwa furaha. Niliketi kitandani nimeushikilia ubao juu ya kifua cha baba, kidole chake kikatembea polepole: L, U, S, U, N, G, U. Jina langu. Hakuwa amelitaja tangu aanguke. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Kasemaje?"

"Kaniita."

Mama akapiga vigelegele peke yake mle chumbani.

Jioni ile ile alileta uji. Baba akaonja, akakunja nusu ya uso iliyoweza kukunjika, akataka ubao. Akaandika: MOTO MJINGA WEWE.

Baba hakuanzia ugonjwani kuwa hivyo. Tangu nipate akili alimwita mama "kipofu mwenye macho," kwa sababu hakusoma. Jioni alirudi na gazeti, akalisoma kimoyomoyo, na mama akimuuliza kuna habari gani, alijibu, "Zimeandikwa hapo, soma." Hakumpiga hata siku moja, na watu walimsifu kwa hilo. Alimwoa kwa sababu babu alikwisha kutoa ng'ombe, na hakuacha kumkumbusha.

Kwa hiyo maneno yale nilikuwa nimeyazoea. Ila zamani yalitoka mdomoni mwake. Sasa yalitakiwa yatoke mdomoni mwangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nimtazame mama aliyeshinda akimnyanyua mumewe kama gunia, nimwambie mjinga wewe.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema ni moto kidogo. Anasema ahsante."

Baba akanitazama. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko.

"Mbona anagonga?"

"Anasisitiza ahsante."

Mama akainama kuupuliza uji ili tusimwone anavyotabasamu.

Sikuwa nimepanga. Mwanzoni nililainisha tu. SHUKA LINANUKA nikaligeuza kuwa pole kwa kufua. Baadaye nikaanza kuongeza yangu. Baba akiandika jambo la maji ya kunywa, mimi namwambia mama kwamba baba anauliza kama na yeye amekula. Krismasi ya mwaka ule baba alilalamika kwamba kelele za wageni zinamuumiza kichwa, nami nikamsomea mama: "Anasema mwaka huu umekuwa mzito kwako kuliko kwake." Kila mara baba aligonga. Mama akazoea kugonga kule, akadhani ni namna ya mgonjwa ya kutilia mkazo.

Siku moja ya Jumatano, kijiji kizima kiko kwenye shamba la ujamaa na mama pia, baba alinyoosha kidole kuutaka ubao. Akaandika neno moja: MWONGO.

"Ndiyo, baba," nilimwambia. Sikuwahi kumjibu baba hivyo. "Unataka nimsomee yote kama unavyoyasema? Halafu nani atakugeuza?"

Kisha kidole kikaenda kona ya kulia, HAPANA. Tangu siku hiyo hakugonga tena. Nikisoma uongo wangu alikuwa anafumba macho.

Na mama akabadilika. Alianza kujipaka mafuta kabla ya kuingia chumbani kwa baba. Yai la kuku wetu wa pekee likawa la baba. Akichuma chai alikuwa anawasimulia wenzake: mume wangu kaniambia hivi, jana kaniambia vile. Wanawake wakasema mume wa Tulinagwe kaota moyo baada ya kupooza. Wapo waliosema kwa kumcheka, lakini wengi walisema kwa wivu, nami niliwasikia, na nikajivuna.

Katikati ya mwaka 1974 bibi yangu mzaa mama alifariki kule Masoko. Mama alikaa msibani siku nne, akarudi kwa miguu, visigino vimepasuka. Hakwenda kuketi jikoni. Alikwenda moja kwa moja kuketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha baba, akawa anangoja, hajasema anangoja nini. Baba akaomba ubao. Akaandika: SIKU NNE UJI WA HUYU MTOTO NI MAJI MATUPU.

Nikasoma, "Anasema, pole, mke wangu. Anasema mikono yako inamkumbusha mikono ya mama yake."

Mpaka leo sijui niliyatoa wapi. Mama aliivuta kanga ikamfunika uso, akalia. Hakulia kilio cha msiba, kile nilikijua. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo akagundua bega linauma. Tangu hapo kila jioni alimkanda baba ule mguu uliokufa, kwa samli, kuanzia pajani mpaka vidoleni, taratibu, na wakati wa kumkanda alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka nikamaliza darasa la saba. Shule yetu nzima walichaguliwa wawili kwenda sekondari, nami sikuwemo. Mama alinipa pole, kisha akacheka kidogo akasema, "Afadhali. Nani angenisomea?" Nilikwenda nyuma ya migomba, nikawachukia wote wawili mpaka jua likashuka. Asubuhi yake nikachukua kikapu, nikaenda kuchuma chai.

Mwaka uliofuata kampeni ya kisomo ilipamba moto. Kila asiyejua kusoma alitakiwa darasani, na kwetu darasa liliwekwa kwenye banda lile lile la mizani. Mwalimu alikuwa kijana wa kujitolea, Simon, mpole, chaki mfukoni. Wanawake wengi walikwenda kwa kuogopa balozi wa nyumba kumi. Mama alikwenda kwa mapenzi.

"Nataka nimsikie mwenyewe," aliniambia. "Si kwamba husomi vizuri, mwanangu. Ila neno likipitia kwako linapoa kidogo, kama chakula kilichotoka kwa jirani."

Kuanzia hapo kila siku ya darasa nilimtafutia kazi: kuni zimelowa, mbuzi kakata kamba, baba anakuita. Alizimaliza, akaenda, amechelewa lakini ameenda. Jioni aliniomba nimsaidie daftari lake. Nikamfundisha M kuwa N, na N kuwa M. Nilimwambia, "Hii yenye bonde katikati ni N, mama. Usiisahau." Akaiandika ukurasa mzima, ulimi umetoka pembeni kama mtoto.

Wiki ile ile akarudi anacheka. "Mwalimu kasema umenifundisha kinyume. Nikamwambia hata wasomi wanasahau."

Sikumdanganya tena kwenye herufi. Nilijua hakuna mto unaozuiwa kwa kiganja.

Mtihani wa taifa wa kisomo ulifanyika mwezi wa nane. Siku chache baadaye, mvua nyepesi inanyesha, nilirudi kutoka kwenye chai mapema kidogo. Nilipofika uwani nikasikia sauti ya mama chumbani, sauti ya darasani, inakwenda silabi kwa silabi. Nikasimama nje ya mlango, kikapu mgongoni.

"U-na-ju-a," mama alisoma. Kisha, kwa furaha, "Najua! Endelea, Baba Lusungu. Sema."

Nikasikia kidole kikiburuzwa ubaoni.

"Ta-ngu-li-ni. Tangu lini. Tangu mwezi wa pili. Nimejifunza kwa ajili yako. Kwa lile neno uliloniambia nilipotoka msibani."

"Ne-no-ga-ni."

"La mikono yangu. Nilipotoka kumzika mama. Ulisema mikono yangu inakukumbusha mikono ya mama yako."

Ningeweza kuingia. Ningeangusha kikapu, ningepiga kelele kwamba nimeona nyoka. Sikufanya lolote. Nilichungulia nikaona mkono wa baba umelala juu ya ubao, hautembei, na mama ameinama juu yake, uso unang'aa kwa mafuta. Kisha kidole kikaanza.

"Si-ku-se-ma," mama alisoma.

Alisoma kama wanavyosoma wanaoanza, sauti kwanza, maana inafuata nyuma. Niliiona maana ilipomfika. Akalisoma tena, safari hii neno zima.

"Sikusema."

Akavuta kigoda, akaketi. "Na siku ya Krismasi? Kwamba mwaka ulikuwa mzito kwangu?"

Kidole kikaenda kona ya kulia.

"Na kuhusu yai? Kwamba tugawane?"

Kona ya kulia.

"Na ile siku nilipoungua mkono?"

Aliyataja yote. Sikujua kwamba alikuwa ameyahifadhi yote, hata yale niliyoyasema kwa haraka nikayasahau. Mwishoni akauliza, "Lipo hata moja ulilolisema wewe?" Kidole cha baba kilikuwa bado kimelala pale pale kwenye HAPANA. Hakikunyanyuka. Labda ndilo lilikuwa jibu, labda alikuwa amechoka.

Nimelifikiria neno lile maisha yangu yote. Kuna siku naona baba alilisema kwa ukatili tu, kwa sababu aliweza. Kuna siku naona ilikuwa mara ya kwanza kumheshimu mama: alikuwa amejifunza kusoma, akampa cha kusoma kilicho kweli. Sijui.

Mama alinikuta jikoni. Hakupaza sauti.

"Yale ya mikono uliyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ufurahi, mama."

"Nilifurahi," alisema. "Mwaka mzima na zaidi. Nimewasimulia watu. Nimesimama katikati ya chai nikawasimulia wanawake wenzangu, wakinisikiliza." Alipiga magoti, akapuliza moto mpaka ukashika. "Yule namjua tangu siku aliyonioa. Hajanidanganya hata mara moja. Wewe ndiye sikukujua."

"Mama..."

"Kalete kuni."

Nilidhani atautupa ubao motoni. Hakuutupa. Yeye ndiye akawa msomaji wa baba, na alikuwa msomaji mwaminifu. Jumapili moja walikuja wageni wa kanisani, wakiongozwa na Mzee Lazaro, mzee wa kanisa. Baba akataka ubao, na mama akaushika. Akasoma kwa sauti ile ile ya darasani, kidole chake kikifuata cha baba, hakuruka hata herufi. "A-na-nu-ka mo-shi. Anasema nanuka moshi. Mwo-ndo-e-ni. Anasema mniondoe." Wageni wakatazama vikombe vyao. Mzee Lazaro akakohoa. Mama akangoja, mpole kabisa, kama kuna lingine alisome.

Siku zote baba alikuwa amemtukana mama ndani ya nyumba. Mbele ya watu alikuwa karani. Nikaona baba anafumba macho, na chozi moja likateremka upande ule uliokuwa bado hai.

Mama alimsomea hivyo balozi, akamsomea hivyo shangazi yangu, akamsomea hivyo Mwalimu Simon aliyekuja kumpongeza kwa kufaulu. Haikupita miezi miwili maneno ya baba yakapungua. Yakabaki MAJI. BARIDI. GEUZA. Mama alileta maji, alileta blanketi, alimgeuza. Hakuna siku aliyomwacha mchafu, na kidonda cha mgongoni hakikupata nafasi hata kidogo. Ila samli ilirudi kwenye mboga, na yai tukala wote.

Na mimi hakunisemesha ila kwa kazi. Kalete. Kachote. Funga mlango.

Mara moja tu nilijaribu. Mama alikuwa shambani. Nilikaa kitandani, nikamwekea baba ubao kifuani kama zamani. "Baba," nilimwambia, "mwambie neno moja zuri. Moja tu. Hata kama si kweli."

Mkono wake ulikuwa umekonda, na kila herufi ilimchukua pumzi. Akaandika: HATAAMINI. Akapumzika. Kisha akaandika tena: YOTE ULISHAYASEMA WEWE.

Kwa hiyo alikuwa amefikiria. Hilo ndilo lililobaki kunikaa rohoni kuliko yote. Huenda lilikuwepo neno, baadaye, katika ile miezi ya maji na baridi, na mimi nilikuwa nimekwisha kulitumia.

Alikufa mwezi wa nne mwaka 1976, wakati wa masika, alfajiri, mama akiwa amemshika begani. Uwanja wetu ukajaa watu. Wanaume wakakaa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye majani makavu ya migomba. Kabla ya ibada Mzee Lazaro aliingia kuulizia habari za marehemu, ili azungumze kaburini: kazaliwa wapi, kafanya kazi wapi. Kisha akauliza, kama ilivyo desturi, aliaga kwa maneno gani.

Wote walinigeukia mimi, maana kijijini bado waliniita ulimi wa Ambakisye. Nami nilikuwa na neno tayari. Tangu alfajiri, nikichota maji ya msiba, nilikuwa nimelitunga, na lilikuwa zuri. Lilimtaja mama kwa jina.

Mama hakuninyima nafasi kwa hasira. Alisema tu kabla yangu, akimtazama Mzee Lazaro.

"Alisema 'geuza.' Nikamgeuza. Basi."

Wanawake wakaguna. Mzee Lazaro akatikisa kichwa taratibu, akatoka.

Kaburini mvua ilikuwa imekatika, udongo unateleza, vijana wanashika kamba kwa shida. Mzee Lazaro akainua mkono. "Ndugu zangu," alisema, "karani wetu hakuondoka kimya. Neno lake la mwisho lilikuwa sala. Alisema, nigeuze. Nigeuze, Bwana, niache njia zangu za kale. Na Bwana akamgeuza." Watu wakaitikia amina. Shangazi yangu akaangua kilio upya. Nikasikia nyuma yangu mtu akisema, kumbe alitubu.

Mama alikuwa kando yangu, amesimama wima, kanga imefungwa kiunoni, anatazama vijana wanavyorudishia udongo. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mvua nyepesi alisogea karibu nami kwa hiari yake. Akaniinamia sikioni.

"Naye anajua kusoma kama wewe," alisema.

Kisha akaniacha, akaenda kusimama na dada zake.